Kwa nini ndege ikikaribia Mwanza inapotea kwenye simu? Ile rada yetu inafanya kazi kweli?

#1 Mwana wa Pasiansi
Wakuu, habari za jioni.
Mimi nakaa Pasiansi, ndege zinapita juu ya bati langu asubuhi na jioni. Kwenye simu nina Flightradar24, ile programu ya kuonyesha ndege zilipo. Wiki hii nilikuwa namsubiri shemeji anatoka Dar. Ndege naiona safi kabisa, Dodoma hiyo, Singida hiyo, inaingia Shinyanga, inaanza kushuka. Ikafika usawa wa Misungwi, kile kialama cha njano kikaganda, halafu kikafutika. Nikajua kuna jambo. Dakika chache baadaye naisikia kwa masikio yangu inanguruma juu ya nyumba, simu bado inasema hakuna ndege.
Sasa hoja yangu ni hii: rada ya Mwanza haifanyi kazi. Ilizinduliwa kwa mbwembwe, leo ndege inatua haionekani. Na kama haionekani, hao waongoza ndege wanaongoza nini? Wajuzi njooni.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa paleee, nawasubiri mainjinia.

#3 Ngosha Mkavu
Rada ya Mwanza ipi? Nchi hii ina rada moja tu, ile ya Dar iliyotuletea chenji. Nyingine ni za kwenye hotuba.

#4 Fundi Antena
#3, punguza ukavu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na Thales wa Ufaransa, zaidi ya shilingi bilioni 61, kwa rada 4 za kiraia: Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Zilifungwa.
#1, hapo umechanganya vitu viwili. Unachokiona kwenye simu si picha ya rada. Rada ya waongoza ndege inafanya kazi kama mwalimu anayeita mahudhurio: antena inazunguka, inauliza kwenye megahezi 1030, na kile chombo ndani ya ndege, transponda, kinajibu kwenye megahezi 1090 kwa namba yake na kimo chake. Asiyeulizwa hajibu. Simu yako inategemea kitu kingine kinaitwa ADS-B. Huko ndege haisubiri kuulizwa, inajitangaza yenyewe mara mbili kwa sekunde: mimi fulani, niko hapa, kimo changu hiki. Mahali ilipo inapajua kwa setilaiti za GPS. Mtu yeyote mwenye antena anaweza kudaka hilo tangazo. Flightradar24 inakusanya kutoka kwa watu wa namna hiyo.
Kwa hiyo ndege inaweza kupotea kwenye simu yako na pale mnarani wanaiona kama kawaida.

#5 Mwana wa Pasiansi
Sawa fundi, lakini swali liko palepale. Kama inajitangaza, kwa nini iache kujitangaza ikifika Misungwi?

#6 Fundi Antena
Haijaacha, aliyekuwa anaidaka ndiye hayuko tena. Masafa haya yanakwenda mstari ulionyooka na dunia ni mviringo. Tuseme antena iliyo karibu iko Entebbe. Kutoka Entebbe hadi Mwanza ni kama kilomita 280. Piga hesabu ya upeo wa macho, utakuta ndege iliyo juu ya Mwanza inaonwa na antena ya Entebbe ikiwa juu ya futi 18,000 au 19,000 hivi. Ikishuka chini ya hapo inazama nyuma ya mgongo wa dunia. Zile ndege za panga, ATR na Q400, zikitoka Dar zinafika huku zinashuka tayari, ndiyo maana zinapotea mapema.

#7 Kapteni wa Kijiweni
Hesabu nzuri, ila umeiacha sababu kubwa. Si kila ndege inajitangaza. Ziko zenye transponda ya zamani inayojibu ikiulizwa tu. Hizo Flightradar24 inazitafuta kwa kulinganisha muda ambao mawimbi yamefika kwenye antena tofauti, na zinatakiwa antena 4 zinazoisikia ndege hiyohiyo kwa wakati mmoja. Kanda ya Ziwa hizo 4 utazipata wapi? Mleta uzi, siku nyingine ibonyeze ndege uangalie chanzo cha taarifa kimeandikwa nini kabla ya kuilaumu dunia kwa kuwa mviringo.

#8 Binti Nyegezi
Mimi ninayo antena, iko juu ya paa hapa Nyegezi. Ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kidude cha USB cha kudakia mawimbi na waya. Ukiwatumia taarifa wanakupa akaunti kubwa bure, ndicho kilichonivuta.
Nyote mmesahau mawe. Huu ni mji wa mawe jamani! Upande wa ziwa napata ndege mpaka kule mbali juu ya Uganda. Upande wa uwanja wa ndege kuna vilima kati yangu na Ilemela, ndege ikishuka tu naipoteza, na mimi ninaishi mji huohuo. Halafu umeme ukikatika antena yangu nayo inalala. Na mwewe. Kuna mwewe mmoja amefanya ile antena kiti chake, waya umeshalegea, kila nikipanda kuukaza namkuta kaniacha na mifupa ya sato.

#9 Ngosha Mkavu
Kwa hiyo usalama wa anga ya Kanda ya Ziwa umeshikwa na mwewe wa Nyegezi. Asanteni, nimeelewa.

#10 Fundi Antena
Hujaelewa. Rudi #4.

#11 Mvuvi Igombe
Shikamooni wakubwa. Mimi si msomi wa haya mambo ila niko ziwani kila usiku, ndege nazijua kwa sauti. Nina maswali mawili. Rada si ndiyo ule mpira mweupe mkubwa? Mbona nikiutazama hauzunguki? La pili, kijana wangu ana hiyo programu, alinionyesha ndege imeandikwa futi 4,500. Kwa macho yangu ilikuwa chini sana, naona mpaka matairi. Nani mwongo?

#12 Kapteni wa Kijiweni
Marahaba mzee. Hakuna mwongo. Kimo hicho hakipimwi kutoka ziwani, kinahesabiwa kuanzia usawa wa bahari, tena kwa kipimo cha kawaida cha mgandamizo wa hewa. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, ambayo ni futi 3,700 na ushee. Toa hapo, ndege yako ilikuwa futi 800 tu juu ya mtumbwi. Ukiona matairi ni haki yako.

#13 Fundi Antena
Na mpira mweupe ni habari nyingine, mzee. Huo ni wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni rada ya mvua. Antena inazunguka humo ndani, mpira ni wa kuizuia jua na upepo. Inatazama mvua, haitazami ndege. Ya waongoza ndege ni ile kama ubao mrefu bapa inayozunguka wazi juu ya mnara wa chuma.

#14 Mvuvi Igombe
Ahsante. Hiyo ya mvua ndiyo yenye faida kwetu, basi watusomee mapema.

#15 Mama Kirumba
Mzee Igombe kagusa pazuri. Ziwa hili mvua zake ni za usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, unatoka pande zote unakutana katikati ya maji, hapo ndipo radi zinapoanzia. Ndege ya alfajiri inakutana na mabaki yake. Niliwahi kupanda ndege ya asubuhi, tulizungushwa juu ya ziwa mpaka watu wakaanza kusali kwa sauti, mwisho tukapelekwa KIA. Kampuni siitaji. Tuliachwa pale mpaka jioni na soda moja.

#16 Ngosha Mkavu
Soda moja ni nyingi. Turudi kwenye chenji ya rada. Waingereza walirudisha paundi milioni 28 zetu au hawakurudisha?

#17 Mwalimu Mstaafu
Tafadhali usichanganye. Milioni 28 za paundi ni bei tuliyonunulia ile rada ya Dar kwa kampuni ya Kiingereza BAE Systems, iliyofika mwaka 2002 huku wataalamu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wakisema ni ghali na haitoshelezi usafiri wa kiraia. Iliyorudi ni milioni 29.5, baada ya kampuni kukiri mahakamani London mwaka 2010 kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Fedha hiyo ilikwenda kwenye vitabu na madawati. Shuleni kwangu vitabu nilivipokea kwa mikono yangu, vimegongwa muhuri.

#18 Siti ya Dirishani
Yaani tumenunua rada tukapata madawati. Endeleeni, huu uzi mtamu.

#19 Rwegasira B.
Mnacheka, sisi wa Bukoba hatucheki. Novemba 6, 2022 ndege ilikuwa hatua chache kutoka uwanjani, ikaingia ziwani, watu 19 kati ya 43 wakafa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Fundi, ulichoeleza pale #4 kingesaidia nini? Ilikuwa mbele ya macho ya mji mzima.

#20 Fundi Antena
Pole sana ndugu yangu. Kwa kweli ule ni upande mwingine wa kazi. Mambo ni matatu: kuwasiliana, kujua njia, na kuonana. Rada ni kuonana. Kutua kwenye mawingu mazito ni kujua njia. Bukoba haina ILS, yaani ile mitambo ya pembeni mwa njia ya kurukia inayomshusha rubani kwa mwale hadi chini. Njia yenyewe ni fupi, ziwa hapa, mlima pale.

#21 Kapteni wa Kijiweni
Na ILS usifikiri unaibeba popote. Inataka eneo tambarare, inataka kukaguliwa kila mara na ndege maalumu. Dunia inakohamia ni kutua kwa setilaiti, hakuna chuma chochote uwanjani. Njia inachorwa kwenye kompyuta, ndege inaifuata yenyewe, inapinda pale inapotakiwa kupinda kukwepa mlima. Kwa viwanja kama Bukoba, Musoma na Geita hapo ndipo penye akili.

#22 Rwegasira B.
GPS ya simu yangu inanionyesha niko barabara ya pili. Hiyo ndiyo imshushe mtoto wangu kwenye ukungu?

#23 Kapteni wa Kijiweni
Swali halali. GPS peke yake haitoshi kushuka chini sana. Marekani tangu 2003 wana mfumo wa nyongeza, vituo vya ardhini vinapima makosa ya GPS na kurusha masahihisho kupitia setilaiti nyingine. Ulaya nao wana wao, EGNOS. Kwa huo ndege inashuka hadi futi 200 au 250 juu ya uwanja kabla rubani hajalazimika kuona taa. Afrika, ASECNA, shirika la kuongoza ndege la nchi za Kifaransa, ilianza kurusha mawimbi ya majaribio 2020. Huku kwetu bado.

#24 Dokta wa Fizikia
Msiuze mapema. Tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Lile tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huku ikweta lina vurugu kuliko Ulaya, hasa baada ya jua kuzama. Mawimbi ya GPS yakipita humo yanachelewa na wakati mwingine yanatetemeka hadi chombo kinapoteza setilaiti. Masahihisho yaliyotengenezwa kwa anga ya Ulaya hayawezi kuletwa Mwanza yakafanya kazi hivyohivyo. Inabidi vituo vya kupimia viwe hapahapa, na viwe vingi.

#25 Kapteni wa Kijiweni
Ndege nyingi za huku zinatua mchana, dokta.

#26 Dokta wa Fizikia
Leo. Mfumo unaujenga kwa ajili ya miaka 30 ijayo. Utakuja kuwaambia abiria wasisafiri jioni?

#27 Nahodha Mstaafu (wa meli)
Na kuna watu wanaipotosha GPS kwa makusudi. Tangu 2023 marubani wanaopita Mashariki ya Kati wanakuta ramani zinasema wako sehemu nyingine kabisa. ADS-B mnayoisifia inatangaza kile ilichoambiwa na GPS. GPS ikidanganywa, ndege inautangazia ulimwengu uongo kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana hata Marekani hawakung'oa vituo vyote vya redio vya zamani, VOR, wamebakiza mtandao wa akiba. Kwenye meli tulikuwa na GPS, na dira hatukuitupa.

#28 Fundi Antena
Hapo naunga mkono. Rada inayouliza na kupima yenyewe umbali bado ina kazi yake. Wapo wanaosema ADS-B ya kwenye setilaiti itamaliza yote. Kampuni ya Aireon tangu 2019 wanadaka matangazo ya ndege kwa setilaiti 66 za Iridium, hadi katikati ya Atlantiki. Sawa. Lakini ni huduma ya kulipia, na picha ya anga yako unainunua kwa mtu mwingine.

#29 Ngosha Mkavu
Na akikasirika anazima.

#30 Dada wa Logistiki
Fundi, unaogopa bili kuliko giza. Rada moja inaona kilomita mia nne na kitu pande zote, tena ndege ikiwa juu sana. Ndege ndogo za watalii zinazokwenda Rubondo kwa futi chache nani anaziona? Bila kuonekana, ndege mbili kwenye njia moja zinaachanishwa kwa dakika, 10 au zaidi. Zikionekana zinaachanishwa kwa maili 5 za baharini, kama kilomita 9. Kila dakika ya kusubiri ni mafuta, na mafuta yako kwenye nauli yetu.

#31 Fundi Antena
Dada, weka basi vituo vya ADS-B vya ardhini, ni rahisi mno kuliko rada. Kimoja Rubondo, kimoja Ukerewe. Setilaiti ya nini?

#32 Binti Nyegezi
Na mwewe wawili.

#33 Sauti ya Mnara
Mnabishana kuonana, hakuna aliyegusa kuongea. Mpaka leo rubani na mwongoza ndege wanaongea kwa redio ya AM, megahezi 118 hadi 137. Watu wanashangaa kwa nini si FM yenye sauti safi. Kwenye FM wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu anammeza mwenzake na hutajua kama kuna mwingine. Kwenye AM utasikia mluzi, unajua hapa watu wawili wamegongana. Tenerife 1977, ndege mbili zilipogongana uwanjani, mluzi kama huo ulifunika maneno ambayo yangeweza kuokoa watu, wakafa 583.
Na kwa Afrika kuna masafa ya 126.9. Marubani wanajitangaza humo wenyewe kwa wenyewe, niko juu ya hapa, naelekea kule, kimo hiki, kwa sababu maeneo mengine ukiita kituo hujibiwi. Hiyo ndiyo teknolojia yetu iliyofanya kazi miaka yote: mdomo.

#34 Mwana wa Pasiansi
Na redio ikifa?

#35 Sauti ya Mnara
Anaweka 7600 kwenye transponda. Namba zake hazina 8 wala 9, ndiyo maana zipo 4,096 tu. 7700 ni dharura, 7500 ametekwa. Huko mbele wanahamia maandishi, mnara unatuma ujumbe, rubani anabonyeza kukubali. Juu ya bahari wanatumia tayari. Wajerumani wa DLR, kituo chao cha utafiti wa anga, walijaribu mwaka 2019 redio mpya ya kidijitali ndani ya ndege.

#36 Mama Kirumba
Maandishi wakati wa radi za ziwa? Mwenzio anakwepa wingu, wewe unamtumia ujumbe? Mimi naomba nisikie sauti ya mtu.

#37 Sauti ya Mnara
Hata mimi, karibu na uwanja. Maandishi ni ya huko juu kwenye utulivu.

#38 Nesi wa Nansio
Samahani kuwaingilia. Mnaongelea ndege za watu, sisi Ukerewe mwaka 2018 tulikuwa na ndege isiyo na rubani. DHL wa vifurushi, shirika la Wajerumani GIZ na Wingcopter walioitengeneza walikuwa wanarusha dawa kutoka bara, kilomita 60 juu ya maji, kama dakika 40. Kwa barabara ni kilomita 240 na saa 6. Inabeba kilo 4, inashuka wimawima kama helikopta, inarudi na sampuli za maabara. Mwaka huohuo Oktoba yalikuwepo maonyesho ya ndege hizo Mwanza, zikaruka hadi kisiwa cha Juma. Majaribio yakaisha, tukarudi kwenye kivuko. Swali langu: hiyo nayo ilikuwa inaonekana kwenye rada?

#39 Kapteni wa Kijiweni
Kwa chombo kidogo kinachoruka chini vile, usitegemee rada. Walipangiwa njia na kimo, na waongoza ndege wakijua. Kwa majaribio inatosha.

#40 Dada wa Logistiki
Kwa majaribio. Zikiwa 50 kwa siku je, kila zahanati ya kisiwani na yake? Huwezi kuwa na mtu mnarani anaziita moja moja kwa sauti. Hapo ndipo kompyuta zitaongea na kompyuta, kila moja ikitangaza ilipo kupitia mtandao wa simu.

#41 Nahodha Mstaafu (wa meli)
Mtandao wa simu katikati ya ziwa? Umewahi kuvuka kwenda Ukara?

#42 Fundi Antena
Na zote zikitangaza kwenye 1090 zitaziba masafa, ndege ya abiria isisikike. Tayari Ulaya na Marekani wanalalamikia msongamano humo.

#43 Rwegasira B.
Kuna jambo nililisoma, sijui kama ni la kwetu. Uswidi kuna uwanja, Örnsköldsvik, tangu 2015 mnara wake uko mji mwingine, Sundsvall. Kamera zimefungwa uwanjani, mwongoza ndege anatazama ukuta wa skrini. Bukoba ingeongozwa hivyo kutoka Mwanza, na kamera hizo zikaona ukungu na ziwa kabla ya rubani?

#44 Sauti ya Mnara
Kamera haioni ndani ya ukungu zaidi ya jicho, labda zile za joto kidogo. Unachopata ni mtu kuwepo saa zote bila kumhamishia Bukoba. Sharti faiba ziwe mbili zinazopita njia tofauti, na umeme usiokatika.

#45 Ngosha Mkavu
Umeme usiokatika. Haya, tufunge uzi.

#46 Binti Nyegezi
Usifunge. Mleta uzi, Pasiansi unauona uwanja bila kilima katikati, au nimekosea? Kidude kimoja cha ziada ninacho kabatini. Njoo nacho utafute bomba refu na waya wa antena wa omu 50, si ule wa televisheni.

#47 Mwana wa Pasiansi
Uwanja nauona mpaka taa. Bomba ninalo la inchi moja na nusu. Nije Jumamosi? Na huo waya Mwanza mjini unauzwa wapi?

#48 Kapteni wa Kijiweni
Wa televisheni nao unafanya kazi, asikutishe. Tofauti ni ndogo.

#49 Fundi Antena
Kapteni, waya wowote ukiwa mrefu unapoteza mawimbi. Una mita ngapi kutoka paani hadi sebuleni?